Upinde Uliorudi Peke Yake

Upinde wa Mzee Nagatomo ulirudi Miyazaki kwa ndege ya saa sita mchana, bila Mzee Nagatomo.

Ulitolewa kwenye mlango wa mizigo mirefu, ule wanaopitishia mbao za kuteleza mawimbini na mifuko ya gofu, ukalazwa sakafuni mbele ya miguu ya Inspekta Kuroki Mitsue. Ulikuwa mrefu kuliko mtu yeyote mle ukumbini. Ulikuwa umeviringishwa kitambaa cha zambarau ncha hadi ncha, na kibandiko cha jina la abiria kikining'inia. Kando yake kulikuwa na ziaka la mishale na begi moja la kitambaa. Vitu hivyo vilikuwa vimezunguka juu ya mkanda wa mizigo huko Tokyo juzi asubuhi mpaka watu wakavichoka, mwenyewe asitokee.

"Haya, mzee karudi nusu," alisema Sajini Tokumaru.

"Tokumaru, binti yake yuko nyuma yako."

Sajini aligeuka, akatamani ardhi ipasuke immeze. Lakini Nagatomo Kikuno hakuwa na nafasi ya kukasirika. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke wa miaka arobaini na ushei, na tangu juzi hajafumba jicho. Alipiga magoti akashika kile kitambaa cha zambarau kwa mikono miwili.

Watu wote wenye sare walikuwa na jibu moja: mzee kapotelea Tokyo. Alikata tiketi, akakabidhi mizigo kaunta, akapanda, akateremka. Kamera ya kule ilimwonyesha mtu mwenye kofia na barakoa akitoka mlangoni bila kungoja mizigo. Ana miaka sabini na minane, wakasema, na wazee husahau. Polisi wa Tokyo wakaanza kuzunguka mahospitali na vituo vya treni, polisi wa Miyazaki wakakunja mikono. Sasa, kwa safari za ndani ya nchi hakuna anayekuuliza kitambulisho. Jina lililo kwenye tiketi ndilo jina lako. Jambo hilo lilikuwa limemkwama Kuroki kooni kama mwiba wa samaki, ila mwiba wa kooni huwezi kuupeleka mahakamani.

Na leo Kikuno naye alikuwa anaondoka. Ndege ya saa kumi ndiyo ya mwisho kabla uwanja haujafungwa, maana kimbunga kilikuwa kinapanda kutoka kusini na vioo vya ukumbi vilishaanza kunguruma. Akishapanda yeye, hangebaki mtu Miyazaki wa kuulizia habari za mzee.

"Tuvifungue hivi vitu ndani," Kuroki alisema. "Hapa tutakanyagwa."

Aliyeubeba upinde hadi chumba cha polisi wa uwanja alikuwa Hidaka Shunsaku. Huyu ndiye mwanafunzi mkuu wa mzee, mtu wa miaka hamsini na kidogo, mabega mapana, sauti ya chini. Mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka, yeye ndiye aliyeachiwa karakana ya kutengenezea pinde kule juu kando ya mto. Alikuwa anasafiri na Kikuno kwenda kumtafuta mwalimu wake. Alikuwa amembebea begi, amemnunulia tonge la wali ambalo hakuligusa, amewaletea polisi chai ya shayiri. Mtu mwema kiasi hicho, hata Tokumaru alishaanza kumwita kaka.

Kuroki alifungua begi mezani. Hakukaa. Tangu aache sigara alikuwa hawezi kukaa, anamung'unya peremende za ndimu na kuzunguka chumba mpaka wenzake wanapata kizunguzungu.

"Soksi nyeupe. Sketi pana ya wapiga upinde. Nyuzi za akiba. Unga wa mkono." Akatoa kijaluba cha plastiki. "Hii nini?"

Kikuno alikipokonya. "Dawa za moyo! Mama yangu! Zote zipo, hata moja haijaguswa." Alimgeukia Kuroki, macho yamemtoka. "Afande, baba hawezi kukaa bila hizi. Siku moja, pengine. Tangu juzi? Hawezi. Atakufa, unanielewa? Atakufa huko njiani watu wakimpita!"

"Kikuno, dada, tulia," Hidaka alisema, akamsogezea kikombe. "Tukifika tu tunaanza na hospitali."

Redio ya ukutani ilikuwa inatoa tahadhari: wakazi wa kingo za mto, sehemu za juu, wajiandae kuhama.

"Mto umefika wapi?" Hidaka aliuliza.

"Kaka, hilo umeuliza mara ya tatu sasa," Tokumaru alimtania. "Mto hauendi popote."

"Karakana yangu iko ukingoni pale."

"Pole. Basi ungebaki uilinde."

"Mwalimu kwanza," Hidaka alisema, na Tokumaru akaona haya.

Kuroki alikuwa amekishika kitambaa cha upinde. Shuleni alicheza mchezo wa upinde miaka mitatu, kama nusu ya wasichana wa mji ule, na vidole vyake bado vilikumbuka. Kitambaa kilikuwa kimezungushwa sawasawa, mkunjo juu ya mkunjo, fundo limekaa mahali pake. Uzi ulikuwa umelegezwa kama inavyotakiwa, upinde ukapumzika. Aliyeufunga alikuwa anajua.

"Glavu yake iko wapi?" aliuliza.

Hidaka alijibu haraka. "Hiyo huikuti humo, afande. Mwalimu haiweki glavu tumboni mwa ndege hata umtie kisu shingoni. Upinde utaingia chini kwa sababu ni mrefu, mishale kwa sababu ni silaha, hayo hatuna la kufanya. Lakini glavu inakwenda mkononi. Sote tunafanya hivyo." Akapigapiga kifuko kidogo cha ngozi kilichoning'inia begani kwake.

"Kweli," Kikuno alisema. "Hata kwenye basi anaipakata."

"Basi imekwisha," Tokumaru alisema. "Glavu haipo kwenye begi, anayo yeye. Alipanda, akateremka. Yuko Tokyo."

Hesabu ilikubali. Kuroki alizunguka meza mara nyingine, akaipiga hesabu upya, ikakubali tena, na hilo likamuudhi.

"Mama Kikuno, huko Tokyo alikuwa anakwenda kushindana?"

"Hapana. Alikuwa anakwenda kuwaona wazee wa chama cha upinde, kwenye mkutano wao. Wangepiga mishale kwanza, halafu waongee. Alikuwa na hasira, afande. Kuna pinde zinauzwa zina muhuri wake wa moto, na yeye tangu mikono imharibikie hajatengeneza hata mmoja. Nikamuuliza ni nani, akasema, nitamtaja mbele ya wenzangu, sitamtaja jikoni."

"Dunia imeharibika," Hidaka alisema, akatazama kikombe chake.

Kaunta ya kukabidhi mizigo ilikuwa vita. Ndege za mchana zilikuwa zimefutwa moja baada ya nyingine, na waliobaki wote walitaka kubanwa ndani ya hiyo moja ya saa kumi. Timu nzima ya besiboli ya shule ilikuwa imekaa juu ya mifuko ya magongo. Kijana mmoja aliyeungua na jua alikuwa amekumbatia ubao wake wa mawimbi, anabishana kwamba ni mwepesi. Nyuma ya kaunta, Hamasuna Riho, mfanyakazi wa shirika, alikuwa akirudia maneno yale yale na tabasamu lililokwisha nguvu: begi moja la mkononi na kifuko kimoja kidogo, vyote pamoja visizidi kilo kumi, na viingie kwenye kisanduku hiki cha kupimia.

"Dada Riho, dakika moja," Kuroki alisema, akionyesha kitambulisho.

"Afande, dakika moja ndiyo niliyokosa tangu asubuhi."

"Juzi. Ndege ya kwanza. Mtu mwenye upinde."

"Upinde ninaukumbuka. Mtu, kofia na barakoa tu. Alikuwa ameinama."

"Alisema nini?"

"Ndiyo hapo. Hakusema." Riho alimpa mteja tiketi, akamwinamia Kuroki. "Wapiga upinde wananitoa jasho mimi. Ukiwaambia hauingii ndani, wanauliza utalazwa wapi, juu ya nini, nani atauinua, je, utawekewa kitu juu? Mmoja alitaka nimpigie rubani. Huyu alisukuma vitu vyote, akachukua stakabadhi, huyoo."

"Mkononi alibaki na nini?"

Riho alifikiri. "Sidhani kama nilimfungia kibandiko cha mzigo wa mkononi. Lakini nilikuwa na foleni, afande. Mahakamani sisimami nikaapa."

Kuroki aliachana naye. Akasimama kando, anatafuta peremende mfukoni, na hapo ndipo Kikuno na Hidaka walipofika mbele ya foleni.

Begi la Kikuno lilipita. Hidaka aliweka la kwake kwenye mizani, na kifuko cha ngozi juu yake.

"Umezidi kilo moja na nusu, mzee," Riho alisema.

Hidaka hakubisha. Alitoa viatu, akatoa boksi la keki za zawadi, akatoa koti la mvua. Mizani bado ikakataa kwa kiasi kidogo tu.

"Hicho kifuko," Riho alisema. "Tukitie kwenye begi la Mama hapa linaloshuka chini, tumemaliza."

"Hiki hakiendi chini."

"Ni kidogo tu, mzee, hakitapata—"

"Nimesema hakiendi chini!" Kaunta nzima iligeuka. Sauti ile ya chini ilikuwa imepanda hadi darini. "Chukua begi zima! Chukua na viatu nilivyovaa! Hiki kikishuka chini, bora nibaki mimi."

"Kaka, mkatie tiketi yake basi!" kijana wa ubao alipiga kelele. "Akae dirishani!"

Watu wakacheka, na vijana wa besiboli wakapiga makofi. Hidaka aliona haya, akasukuma begi lake lote likashuka chini, akabaki na kifuko begani na mikono mitupu. Kuroki hakucheka. Peremende ilikuwa imemsimama mdomoni.

Chumba cha walinzi wa ukaguzi kilikuwa na kiti kimoja, na Tokumaru alikikalia. Kuroki alisimama nyuma yake akigonga mgongo wa kiti kwa kalamu.

"Rudisha nyuma. Juzi asubuhi. Huyo hapo, mwenye kofia. Mwache aweke vitu vyake."

Kwenye kioo cha kamera, mtu aliyeinama aliweka trei: mkanda, simu, funguo, tiketi. Akapita chini ya lango akiwa na mikono mitupu. Akavaa mkanda, akaenda zake.

"Glavu iko wapi?" Kuroki aliuliza.

"Mfukoni?"

"Glavu ya upinde haiingii mfukoni, Tokumaru. Ni ngozi ya paa hadi kifundo cha mkono, na kidole gumba kigumu kama kwato. Ukiibana inaharibika, na ikiharibika umeanza upya, maana imeshonwa kwa mkono wako na imekubali mkono wako. Haimo kwenye begi. Haimo kwenye trei. Hebu niambie iko wapi."

Tokumaru aliacha kutafuna mkate wake. "Kwa hiyo huyu..."

"Huyu si Mzee Nagatomo. Mtu anayeipakata glavu kwenye basi hapandi ndege mikono mitupu."

"Mwizi, basi. Mtu asiyejua mambo ya upinde, kachukua vitu, kaacha glavu."

"Nilifikiri hivyo hatua kumi, kutoka kaunta hadi hapa. Lakini kitambaa kile kimefungwa na mtu anayejua kuliko mimi. Uzi kaulegeza. Nyuzi za akiba kaweka, unga kaweka. Asiyejua angekumbuka unga?" Alichukua simu. "Sasa jiulize, anayejua yote hayo anaachaje kitu cha kwanza kabisa ambacho mpiga upinde hukifungasha?"

Alipiga kituoni. Gari la doria liende nyumbani kwa Nagatomo, jirani awafungulie ukumbi wa mazoezi, waangalie rafu ya mbele, upande wa mwalimu. Wakikuta kifuko cha glavu, wakilete mbio.

"Na mtu asitie mkono ndani," alisema.

"Alama za vidole?" sauti ya upande wa pili iliuliza.

"Adabu," Kuroki alijibu, akakata.

Kisha akampigia mkuu wake. Mazungumzo hayakuwa marefu. Umzuie mtu asisafiri kwa ushahidi gani, mkuu aliuliza, kwamba kuna kitu hakipo mahali fulani? Waache waende, Tokyo wanawasubiri, na wewe rudi tuhamishe watu wa mtoni. Kuroki alisema ndiyo, afande, akiwa tayari ameshatoka mlangoni. Ilikuwa saa tisa kasoro. Mvua ilikuwa inapiga vioo kwa ubavu. Kama mzee hakupanda ndege, yuko hapa hapa Miyazaki, bila dawa, mahali ambapo hakuna mtu aliyemtafuta. Kuroki aliuwaza moyo ule wa miaka sabini na minane, akaharakisha hatua.

Waliingia wanne chumba cha polisi, saa tisa na nusu: Kuroki, Tokumaru aliyesimama mlangoni, Kikuno na Hidaka. Kuroki aliwaambia kuna sahihi moja tu ya kupokea mizigo, hawatachelewa. Meza ilikuwa imejaa vururu. Vikombe vya chai, soksi, nyuzi, kijaluba cha dawa, ziaka, nusu ya mkate wa Tokumaru, na katikati, kifuko kilichofifia cha kitambaa cha buluu, bado kina matone ya mvua.

"Mzee Hidaka, samahani, wewe mikono yako inajua hivi vitu," Kuroki alisema. "Niondolee meza nipate pa kulaza upinde. Vitie vyote kwenye begi."

"Bila shaka."

Alifanya kazi vizuri. Vikombe akavisogeza pembeni, soksi akazikunja, nyuzi akazizungusha, dawa akampa Kikuno. Mkate aliushika kwa ncha za vidole, akamkabidhi Tokumaru. Ziaka akalisimamisha. Alilizunguka lile eneo la katikati, kushoto, kulia, tena kushoto, mpaka meza ikabaki nyeupe na kifuko cha buluu peke yake juu yake. Akasimama, mikono ameishusha.

"Na hicho," Kuroki alisema.

"Hicho..." Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Kikuno, dada, mpe afande hicho."

"Kiko mbele yako wewe," Kuroki alisema. "Nipitishie tu."

Hidaka hakunyoosha mkono. Redio ilisema mto umevuka alama ya pili, sehemu za juu wahame sasa hivi. Aliigeukia haraka mno.

Kikuno alikuwa amekitazama kile kifuko, rangi ikimtoka usoni. "Hicho ni cha baba," alisema. "Nilikishona mimi. Afande, mmekitoa wapi? Si mlisema anacho?"

"Mimi sikusema. Mzee Hidaka ndiye aliyesema." Kuroki alivuta uzi wa kifuko, akaitoa glavu, ngozi ya kahawia iliyong'aa kwa miaka mingi. "Ilikuwa rafuni pake, nyumbani. Ya zamani hii. Ngoja nione kama inanitosha."

Akanyoosha vidole vyake kuelekea mdomo wa glavu.

"Usiivae!" Hidaka aliruka, kiti kikaanguka. "Usitie mkono! Utaiharibu, akirudi atavaa nini?"

Alikuwa amesimama na mikono hewani. Kuroki aliirudisha glavu juu ya kifuko, polepole. Kidole chake hakikuwa kimegusa hata ukingo.

"Akirudi kutoka wapi, Hidaka?"

Hidaka aliinua kiti kilichoanguka, lakini hakukikalia.

"Umemfungashia mwalimu wako vizuri sana," Kuroki alisema. "Upinde, mishale, soksi, unga, hata dawa zake za moyo. Ukafika kwenye glavu, mkono ukakukatalia. Ya mwalimu haishikwi. Ulifundishwa hivyo ungali mtoto, na aliyekufundisha ni yeye. Yako huwezi kuichukua, ina jina lako. Kwa hiyo ukapanda kwa jina lake, mikono mitupu, ukateremka Tokyo, ukarudi huku kabla hajaanza kutafutwa. Na leo, kwa kilo moja na nusu, umepiga kelele uwanja mzima kwamba bora ubaki wewe kuliko glavu ishuke chini."

"Hidaka," Kikuno alisema. Hakupaza sauti. "Baba yuko wapi?"

"Nilitaka mkutano upite tu." Alishika meza kwa mikono miwili. "Ni leo. Ulikuwa ni leo tu. Angenitaja mbele yao! Dada, nimetengeneza pinde miaka thelathini. Ukiupiga muhuri wangu, watu wanaupima, wanaushukuru, wanaurudisha ukutani. Ukiupiga muhuri wake, upinde ule ule, mikono ile ile, wanauinamia. Ningefanyaje? Nani ananunua jina langu?"

"Baba yuko wapi, nimekuuliza!"

"Ghala la kukaushia mianzi ya pinde. Nimemwachia maji, nimemwachia matonge ya wali na blanketi. Dawa sikujua! Nilibeba kile kijaluba na vitu vingine, sikujua ni nini, wallahi sikujua mpaka ulipokifungua hapa. Nilikuwa nimfungue usiku wa leo. Wewe ukaning'ang'ania tusafiri wote. Ningekuambiaje sitaki?"

"Ghala liko wapi?" Kuroki alikuwa ameshashika simu.

"Nyuma ya karakana. Chini." Akaitazama redio. "Ukingoni."

Hapo Kikuno alimzaba kofi. Lililia kama mlango uliobamizwa, na Hidaka hakujikinga, wala Tokumaru, aliyekuwa karibu zaidi, hakuona haraka ya kuingilia. Hidaka alitoa ufunguo shingoni, ulikuwa kwenye uzi wa upinde, akauweka mezani.

"Hakuna muda wa ufunguo," Kuroki alisema kwenye simu. "Vunjeni."

Kituo kidogo cha darajani kilikuwa na askari wawili na mashua ya mpira. Kuroki aliweka simu katikati ya meza, sauti wazi, karibu na glavu. Walisikia mvua, wakasikia injini, wakasikia mtu akitukana mto. Nje, kipaza sauti cha ukumbi kilianza kumwita abiria Nagatomo Kikuno na abiria Hidaka Shunsaku wafike lango la mwisho. Hakuna aliyeinuka. Kilirudia. Kuroki alizunguka meza, akazunguka tena, mara hii hakuna aliyemwambia akae.

"Maji yako magotini hapa," sauti ya simu ilisema. "Kiunoni kwenye mteremko. Tumeuona mlango."

Shoka, mara nyingi. Mbao zikapasuka.

"Mzee! Mzee Nagatomo! Polisi!"

Hakukujibiwa. Kikuno alishika kijaluba cha dawa kwa mikono miwili, akakiminya mpaka plastiki ikalia. Hidaka alikuwa amepiga magoti sakafuni, paji la uso limegusa saruji.

"Hamna mtu hapa chini," sauti ilisema. "Kumejaa maji. Ngoja. Mulika juu. Juu ya mianzi, kule juu kabisa!"

Ilipita kelele ya vitu kuanguka majini. Halafu kikohozi, kikavu, kirefu, cha mtu aliyekasirika.

"Baba!" Kikuno aliiangukia simu. "Baba, ni mimi! Unapumua vizuri? Kifua je?"

"Kifua kinauma na nina baridi, usipige kelele." Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa yake. "Hidaka yupo hapo?"

Kuroki alijibu. "Yupo, mzee. Anakusikia."

Walisikia mzee akivuta pumzi, mara moja, mara ya pili, askari wakimsihi asiongee.

"Mwambieni huyo mpumbavu," alisema, "mianzi ya safu ya chini imelowa yote. Ile nzuri. Ya miaka saba. Nimejaribu kuipandisha, mikono imenikatalia."

Hidaka alilia hapo sakafuni, kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini, bila kujifunika uso. Tokumaru alingoja kidogo, kisha akainama na pingu.

Nje ndege ya saa kumi ilikuwa inarudishwa nyuma kutoka langoni, begi la Hidaka likiwa bado tumboni mwake. Kuroki aliikunja glavu ndani ya kitambaa, akashika kingo tu, akamkabidhi Kikuno. Kikuno aliipakata. Wakatoka nje kwenye mvua wakitafuta gari.